Kedi alikuwa mwenyeji wa mji kabla hajashika fimbo za gofu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua, najua hii ni ndefu na najua mna mkasi, lakini naomba msiikate sana. Jumapili mlitoa habari ya mashindano ya gofu, habari nzuri tu, picha imetulia, matokeo yamepangwa vizuri, ila chini ya picha mmeandika mchezaji fulani "akiwa na mpagazi wake", halafu pembeni mkaweka kisanduku cha Je Wajua mkasema neno caddie, ambalo sisi tunasema kedi, yule anayembebea mchezaji begi la fimbo na kumshauri, limetoka kwa watumwa wa malkia wa Scotland waliokuwa wanambebea fimbo. Hayo yote mawili yameniuma, na sio mimi peke yangu, pale tunapokaa jioni tulilisoma hilo gazeti watu wakaguna sana.

Nianze kwa kusema nazungumza kama nani. Ujana wangu nimekuwa kedi kwenye klabu moja huku kwetu kaskazini, nimebeba mabegi ya watu kwenye mvua na jua, na nilipoacha kazi nikaendelea kusoma habari za hii kazi popote nilipozikuta maana nilitaka kujua hili jina tulilokuwa tunaitwa kila siku limetokea wapi. Na nilichokikuta ndicho kinachonifanya niandike, kwamba kedi wa kwanza hakuwa mtu wa gofu kabisa. Alikuwa mwenyeji wa mji. Kazi yake ilikuwa kumpokea mgeni, kumuongoza, kumtangulia gizani, kupeleka barua zake na kumtafutia mtu anayemtaka, na huo mji ulikuwa Edinburgh, Scotland, karne ya 18.

Tumalize kwanza la malkia. Ni kweli Malkia Mary wa Scotland alilelewa Ufaransa na akarudi kwao 1561, na hapo ndipo watu wanapojengea hadithi kwamba alirudi na vijana wa kijeshi wa Kifaransa wakawa wanambebea fimbo zake za gofu. Hadithi ni tamu na imesambaa dunia nzima, lakini hakuna karatasi ya enzi zake inayosema hivyo, ni watu wa baadaye sana waliokuja kuiunganisha. Na watumwa hawamo hata kwenye hiyo hadithi yenyewe, hao mmeongeza nyie. Kwenye daftari la matumizi la bwana mkubwa mmoja wa Scotland, Montrose, la 1628, kuna pesa alizolipwa aliyembebea fimbo, na pale ameandikwa "kijana" tu, basi. Yaani kubeba fimbo kulikuwepo ila jina la kedi lilikuwa halijafika uwanjani bado.

Jina lenyewe ni kweli limetoka Ufaransa ila kwa njia nyingine. Kule kusini magharibi mwa Ufaransa, Gascony, walikuwa na neno capdet, maana yake mkuu mdogo au kichwa kidogo, mzizi wake ni Kilatini. Watoto wa kiume wa familia za kibwana waliozaliwa nyuma ya kaka yao hawakuwa na urithi wa maana, shamba na jumba linakwenda kwa mkubwa, mdogo anapewa farasi na baraka anaenda kutafuta maisha jeshini, na huko jeshini kwa mfalme wakawa wanaitwa hivyo, Wafaransa wakalifanya cadet. Hilo ndilo neno ambalo sisi tunalo mpaka leo, kadeti, kila mtu aliyepita JKT au mwenye mtoto chuo cha jeshi analijua. Kwa hiyo kadeti na kedi ni ndugu wa tumbo moja, mmoja amevaa gwanda mmoja amebeba begi.

Waskoti na Wafaransa walikuwa marafiki wa muda mrefu dhidi ya Waingereza, mkataba wao wa kwanza ni wa 1295, na maneno mengi ya Kifaransa yaliingia jikoni na mitaani Scotland bila kupitia Uingereza, mpaka sahani kubwa na paja la kondoo huko yana majina ya Kifaransa. Cadet naye akaingia karne ya 17, mwanzoni akiwa na maana ya yule yule kijana wa jeshi, halafu kidogo kidogo akashuka ngazi, kutoka mtoto wa bwana asiye na urithi, akawa kijana yeyote asiye na kazi maalum anayesubiri kutumwa, na Waskoti wakalitamka na kuliandika cadie au caddie, Waingereza waliofika pale wakaliandika cawdy kama walivyolisikia.

Sasa ili uelewe kwa nini Edinburgh ilihitaji watu wa namna hii lazima uujue ule mji ulivyokuwa. Ulikuwa umejengwa juu ya mgongo wa mlima, barabara moja kubwa inateremka kutoka ngome ya juu mpaka ikulu ya Holyrood chini, kama maili moja hivi, na kila upande wa hiyo barabara zinatoka njia nyembamba zinateremka gizani mfano wa mifupa ya samaki ilivyotoka kwenye uti. Mji ulikuwa umebanwa na kuta na mabonde haukuwa na pa kupanuka kwa hiyo watu walijenga kwenda juu, majumba ya mawe ya ghorofa sita, nane, hata kumi na zaidi kwa upande wa bondeni, na humo kwenye ngazi moja jaji anakaa ghorofa hii, fundi viatu ile, mjane mwenye cheo ile nyingine, wote wanapishana kwenye ngazi moja ya mawe isiyo na taa. Namba za nyumba hamna. Mji wa watu zaidi ya elfu 50 hauna namba! Mgeni ameshuka na farasi jioni ana barua ya mwanasheria fulani, anaanzia wapi?

Anaita kedi. Walikuwa wanasimama barabara kuu pale karibu na kanisa la St Giles, mahali palipokuwa na nguzo ya soko ambapo wafanyabiashara na mawakili walikuwa wanakutania, na hata ile nguzo ilipobomolewa 1756 watu waliendelea kukutania pale pale. Mwingereza mmoja Edward Topham aliyekaa Edinburgh 1774 na 1775 ameeleza kwamba unatamka tu hilo neno na wanakuja mbio kutoka kila upande. Hugo Arnot aliyeandika historia ya mji 1779 anasema walikuwa wanawafahamu watu wote na mahali pote Edinburgh na mgeni akiingia tu wao wameshapata habari. Naye Smollett, Mskoti mwenyewe, kwenye riwaya yake ya 1771 amewaweka wakiwa na taa za karatasi usiku, anasema nguo zao chakavu na mdomo wao hauna adabu sana mbele ya wakubwa, lakini akili zao kali, na ndani ya masaa ishirini na nne kila mgeni wameshamjua.

Kuna tukio moja nalipenda sana, limeandikwa na ofisa wa Kiingereza, Edward Burt, aliyekuwa Scotland miaka ya 1720 na kidogo, barua zake zilichapishwa 1754. Usiku wake wa kwanza Edinburgh alikula na wenyeji, wakanywa mvinyo wa Kifaransa, wakafurahi mpaka saa nne usiku. Saa nne ngoma ya mji inalia, na ngoma ikilia kila mtu ana ruhusa ya kumwaga uchafu wa siku nzima kupitia dirishani, na nazungumzia uchafu wote Mhariri, vyoo havikuwepo kwenye zile ghorofa. Wale wenyeji wakaanza kuwasha vipande vya karatasi na kuvitupa mezani vitoe moshi ili kuzuia harufu. Halafu Burt anatakiwa arudi alikofikia na njia inapita kwenye kichochoro kirefu chembamba, ghorofa huku ghorofa huku. Akapewa mtu wa kumtangulia. Yule mtu anatembea mbele anapiga kelele njia nzima, kwa Kiskoti chake, zuia mkono, zuia mkono, na Burt nyuma yake kila akisikia dirisha linafunguliwa anatetemeka, anasema mvua hiyo ya kutisha ilikuwa inaanguka mbele yake na nyuma yake lakini yeye akafika.

Huo ndio uongozaji! Mtu anayejua dirisha lipi la nani, anayejulikana sauti yake mpaka ghorofa ya nane ili mama aliyeshika ndoo asubiri kidogo. Begi hapo liko wapi?

Huyo huyo Burt ndiye aliyewaeleza makedi kwa maneno makali na mazuri kwa pamoja, kwamba ni wahuni wenye manufaa makubwa, wanalala kwenye ngazi na barabarani na matambara yao, na bado watu wanawaamini na vitu vya thamani na ni nadra sana kusikia wamefanya hiyana. Na walikuwa na kiongozi wao, wenyewe walimwita konstebo wa makedi, mmoja wao akizembea au akikosea konstebo anamtoza faini, mara nyingi faini ya bia na brandi ambayo bila shaka wengine waliinywa, na mara nyingine anachapwa. Arnot naye anasema ili uingie kwenye kile chama lazima ulete mdhamini wa tabia yako. Ukiwa huna mtu wa kukusimamia huwi kedi. Haya ni mambo ambayo sisi leo vijiwe vya bodaboda vimekuja kuyafanya vyenyewe bila kusoma popote, una mwenyekiti, una kiingilio, una mtu anayekujua, ukimuibia abiria kijiwe kizima kinachafuka kwa hiyo kijiwe ndicho kinachokuadhibu kabla ya polisi.

Na hapa Mhariri ndipo panapokuhusu wewe na gazeti lako. Jina rasmi la kile chama kwenye shughuli za mji halikuwa makedi, lilikuwa wauza maandishi watembezi, makedi ni jina la mtaani. Yaani hao watu walikuwa wanatembeza karatasi zilizochapwa, habari, matangazo, nyimbo, maneno ya mwisho ya mtu anayenyongwa, wanapiga kelele wanauza. Robert Chambers ambaye alikusanya habari za Edinburgh ya zamani miaka ya 1820, wakati wazee waliowakumbuka makedi bado wako hai, anasema watu wanashangaa mababu waliishije bila magazeti, wanasahau kwamba kulikuwa na magazeti yanayotembea kwa miguu, vijijini ombaomba na mjini makedi. Anasema mgeni alikuwa anashangaa baada ya masaa machache kedi wake anajua ametoka wapi, amekuja kufanya nini, ndugu zake nani na anapenda nini. Kwa hiyo wale vijana mliowaita wapagazi ukifuatilia ukoo wao vizuri unawakuta mezani kwenu hapo, na nyie ni watoto wao kama sisi.

Walipoteaje? Hawakufukuzwa. Mji ulihama. Mwaka 1767 ulipitishwa mpango wa mji mpya ng'ambo ya bonde, uliochorwa na kijana James Craig, barabara zimenyooka, daraja likajengwa, matajiri wakahamia huko taratibu. Barabara iliyonyooka haihitaji mtu wa kukutangulia. Halafu akatokea Peter Williamson, na huyu peke yake anastahili makala nzima, mtu aliyeibiwa mtoto bandarini Aberdeen akauzwa Marekani, akarudi mtu mzima, akafungua duka la kahawa Edinburgh, na 1773 akatoa kitabu cha kwanza cha majina ya wakazi wa mji na wanapokaa, pamoja na huduma ya kupeleka barua ndani ya mji kwa peni moja. Kitabu kikawa na yale yaliyokuwa kichwani mwa kedi na posta ya peni ikachukua miguu yake. Chambers mwenyewe anasema kedi alikuwa anajua mambo ambayo siku hizi mtu anayatafuta kwenye kitabu cha anuani. Mpaka karne ya 19 inaanza kile chama kilikuwa kimebaki jina.

Ila jina halikufa kwa sababu lilikuwa limeshavuka kwenda viwanjani. Leith, bandari ya Edinburgh, kulikuwa na uwanda wa nyasi wa kuchezea gofu, ndio pale ambapo 1744 ziliandikwa sheria za kwanza za mchezo, kumi na tatu tu, na waliokuwa wanacheza pale ni mawakili, madaktari na mabwana wale wale ambao mjini wanatumia makedi kila siku, kwa hiyo siku ya kwenda kucheza anamwita kedi wake, anambebesha fimbo, wanashuka wote Leith. Hapo ndipo jina la kedi na kazi ya kubeba fimbo vikakutana. Kabla ya hapo inasimuliwa habari ya Andrew Dickson, enzi mtawala wa baadaye James wa saba anakaa Edinburgh, 1681 na 1682, wakati bado ni mdogo wake mfalme, akicheza Leith Dickson akiwa mdogo alikuwa anatumwa mbele ya mchezo kuangalia mpira unapoangukia. Anatumwa mbele! Mpaka leo anayefanya kazi hiyo kwenye gofu jina lake ni kedi wa mbele. Dickson baadaye akawa mtengenezaji wa fimbo anayeheshimika, na hiyo njia ya kuanzia kwenye kubeba kwenda kwenye ufundi na uchezaji imepitwa na wengi, Willie Park aliyechukua Open, yale mashindano makubwa ya gofu ya Uingereza, ya kwanza kabisa 1860 pale Prestwick alianza kama kedi Musselburgh. Kenya wachezaji wa kulipwa wengi njia yao ni hiyo hiyo, muulizeni yeyote kati yao alishikaje fimbo ya kwanza.

Sasa nije kwenye hilo neno mpagazi. Sheria za gofu zenyewe, zile zinazotungwa na R&A ya St Andrews pamoja na Wamarekani, zinasema mchezaji akiwa kwenye raundi haruhusiwi kuomba ushauri kwa mtu yeyote isipokuwa kedi wake, na kama wanacheza kwa ushirika basi mwenzake na kedi wa mwenzake. Kocha wake akiwa amesimama pale pembeni haruhusiwi kumuuliza. Baba yake haruhusiwi. Uwanja mzima wenye watu elfu, mtu mmoja tu ndiye anayeweza kumuuliza hapa nipige na ipi, upepo unaenda wapi, na mtu huyo ni yule mliyemuita mpagazi. Tena 2019 ilibidi waweke sheria kedi asisimame nyuma ya mchezaji kwenye mstari wakati anajipanga kupiga, kwa sababu alikuwa anamuelekeza mpaka miguu iende wapi. Mpagazi hatungiwi sheria ya namna hiyo.

Angalieni Open ya 1964, St Andrews. Tony Lema, Mmarekani, alikuwa hajawahi kuchezea ule uwanja, akafika dakika za mwisho, na ule uwanja wa zamani una mashimo ya mchanga ambayo ukisimama pa kupigia huyaoni, una mabonde yanayohamisha mpira, na upepo wa bahari unageuka mchana. Arnold Palmer ambaye mwaka ule hakwenda akamwachia kedi wake Tip Anderson, mzaliwa wa hapo hapo St Andrews, ambaye alikuwa naye alipochukua kombe 1961 na 1962. Lema akapiga alipoambiwa apige. Akashinda kwa mipigo mitano mbele ya Jack Nicklaus. Hiyo ndiyo kazi ya kichochoro cha Burt, imefanywa mchana kweupe kwenye nyasi, miaka zaidi ya mia mbili baadaye na Mskoti mwingine.

Na huku kwetu hali ni hiyo hiyo ila hakuna anayeandika. Kwenye uwanja niliofanyia kazi kuna shimo moja mgeni akilitazama anaona kabisa nyasi zinainama kulia, yaani macho yanaapa, lakini mpira unakwenda kushoto kuelekea bondeni, kwa sababu mlima uko nyuma yako na macho yanadanganywa nao, na asubuhi nyasi zikiwa na umande mpira unasimama karibu na shimo, ikifika saa nane mpira ule ule kwa nguvu ile ile unapita shimo futi kadhaa. Unapiga goti, unaangalia nyasi zimelalia upande gani, kama zinang'aa zimelala kuelekea mbele mpira utakimbia, kama zimekolea kijani zimekulalia wewe mpira utazuiliwa. Unamwambia mzee, nje ya shimo upande wa kulia, mpira mmoja na nusu, taratibu. Anakukatalia maana macho yake yanamwambia kingine. Anapiga anavyotaka, anakosa. Shimo linalofuata anakuuliza kabla hajatoa fimbo kwenye begi. Hayo nilifundishwa na makedi wakubwa zangu ambao hawajui hata kusoma vizuri, na wao walifundishwa na waliowatangulia, hakuna kitabu.

Halafu nashangaa gazeti la Kiswahili ndilo linakosea hapa wakati Kiswahili chetu kilitenganisha mambo haya zamani sana. Kwenye misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kwenda bara kulikuwa na wapagazi na kulikuwa na kirangozi. Wote wanatembea, lakini kirangozi ndiye wa mbele, amevaa joho jekundu na manyoya kichwani, ameshika bendera, hakuna aliyeruhusiwa kumpita, na njia panda yeye ndiye anayeziba ile isiyopitwa ili walioko nyuma wasipotee. Hakuna mtu wa Pwani wakati ule angechanganya kirangozi na mpagazi.

Tena kuna mahali historia hizi mbili zimegusana kabisa. Mwaka 1879 ulitoka Dar es Salaam msafara wa Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London ukiongozwa na Keith Johnston, mchora ramani, mzaliwa wa Edinburgh, mji wa makedi wenyewe, na mkuu wa msafara upande wa wenyeji alikuwa Chuma, yule yule ambaye pamoja na Susi na wenzao waliubeba mwili wa Livingstone kutoka kwa Chitambo mpaka Bagamoyo, walifika Februari 1874. Johnston alikufa kwa kuhara damu pale Behobeho, kwenye pori lililokuwa linaitwa Selous, tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, hata miezi miwili haijaisha tangu watoke. Akabaki Joseph Thomson, Mskoti mwingine, kijana wa miaka 21 ambaye hajawahi kuongoza kitu. Chuma ndiye aliyejua lugha, aliyejua watu, aliyejua namna ya kuzungumza na watawala wa njiani na kuwatuliza watu wa msafara, wakafika ziwa Nyasa, wakafika Tanganyika, wakarudi pwani 1880. Thomson aliandika kitabu akapata sifa na alimsifu Chuma kwa haki kabisa. Chuma alifariki Zanzibar 1882, na mpaka leo vitabu vingi vya shule vinamuita mtumishi wa Livingstone, basi, neno moja.

Ndio maana nakasirika na hili neno la kwenye picha. Jina la kazi likishushwa na mtu anashuka nalo. Hata Uingereza ilitokea, kutoka kwenye hili hili neno caddie walikata kipande wakapata cad, wanafunzi wa vyuo vikubwa wakawa wanawaita hivyo watu wa kawaida wa mjini, London miaka ya 1830 makonda wa mabasi ya farasi nao wakaitwa cad, na mwishowe likawa tusi la mwanaume asiye na heshima. Kosa la wale watu lilikuwa lipi? Kutumwa tu. Wale ambao Burt, Topham, Arnot na Smollett wote wamesema wanaaminika, jina lao likageuzwa tusi na watu wasiowahi kuwahitaji gizani. Sisi tunajua mchezo huo, konda wetu anajua.

Na kwa faida ya yule kijana wa Je Wajua, maana naona anapenda mambo haya na ni jambo zuri, asije wiki ijayo akaunganisha na kile kikopo cha majani ya chai ambacho Waingereza nacho wanakiita caddy. Hicho ni kitu kingine kabisa, kimetoka Kimalei, kati, kipimo cha uzito kama gramu 600 hivi, kilikuja na meli za chai.

Ninachoomba ni vitu viwili Mhariri na havina gharama. Cha kwanza msahihishe hilo la malkia na watumwa, sehemu ile ile mlipoliandika, ukubwa ule ule. Cha pili, mashindano yajayo mwandishi wenu akimaliza kuchukua jina la mshindi na mipigo yake, apige hatua chache mpaka kwenye lile benchi la makedi, kila klabu linakuwepo, kwa kawaida liko nyuma ya stoo ya mabegi, aulize nani alikuwa na mshindi leo. Watamwambia jina, na watamwambia pia ni shimo lipi lilipoamuliwa na alimwambia nini pale, maana kabla hata zawadi hazijatolewa pale benchini wanakuwa wameshaurudia mchezo wote mpigo kwa mpigo. Aandike jina hilo chini ya picha, na mbele yake aandike kedi.

Wenu msomaji wa kila wiki,
Arusha